Boliti ya Éliakim

Mwanamume unayempenda kwa sauti tu akija kusimama mbele yako na kimo chake chote, unadhani utashindwa kuyatoa macho usoni pake. Séphora alikuwa akitazama boliti.

Ilikuwa boliti nzuri, laini, imefutwa mafuta vizuri. Éliakim aliitoa kwenye kitambaa, akamwekea kiganjani, na vidole vyao vikagusana. Séphora alihisi joto likipanda mpaka masikioni. Akageukia meza ya kazi upesi, asije akaonekana.

"Jaribu," Éliakim alisema. "Ni ya mwisho. Ikiingia hiyo, mashine yetu imeisha."

Mlangoni, Mama Godelive, mama yake Séphora, alikohoa. Tangu mgeni afike alikuwa amekaa pale kwenye kibao, ungo wa maharage mapajani. Alisema amefuata jua. Jua lenyewe lilikuwa halijaonekana Butembo tangu asubuhi, ila hakuna aliyethubutu kumwambia.

Mashine yao ilikuwa kifaa wanachokiita diviseur. Kazi yake ni kugawanya duara kwa mafungu sawasawa, ili mtu akate meno ya gurudumu bila jino moja kuwa nene na jingine jembamba. Madukani haipatikani, na ya kuagiza nje bei yake inafukuza usingizi. Ndipo watu wa kundi moja la simu, lililojiita Chuma Bila Haraka, walipoamua kuitengeneza wenyewe, kila mtu kipande chake, kila mtu kwake. Hawakuwa mafundi wa kulipwa. Éliakim alikuwa karani wa wakala wa mizigo, mkazi wa Mulekera kule Beni, na siku nyingi alishinda Kasindi mpakani. Papa Siméon alilima kahawa Kasugho. Séphora aliuza vitenge na mama yake mjini, na akitoka dukani alijifungia katika kibanda cha uani, na mashine ya kukereza aliyoachiwa na marehemu baba yake. Watu wengine wakitoka kazini huangalia filamu. Hawa walikereza chuma, wakatumiana picha, na kubishana juu ya unene wa unywele mpaka simu zikazima.

Katika kubishana huko ndiko Séphora alikopotea. Éliakim alikuwa na mazoea ya kumtumia mlio wa mashine yake na kumwuliza, "Sikiliza, inalia vibaya?" Séphora alisikiliza mara tatu, mara nne, na si mashine aliyokuwa akiisikiliza. Alikuwa akisikiliza pumzi ya mtu aliyesimama kando yake.

Sasa pumzi yenyewe ilikuwa nyuma ya bega lake. Alishika boliti, akaipeleka kwenye nati ya kifaa, akazungusha. Mzunguko wa kwanza uliingia. Wa pili ukagoma.

"Tia mafuta," alisema Éliakim.

Alitia mafuta. Ikagoma palepale.

"Pengine ni nati yako."

Neno hilo lilimchoma. Nati ile aliikata kwa ajili yake! Mashine ya Séphora ni ya milimita, ila mashine ya Éliakim ni zee la Kiingereza lisilojua kitu zaidi ya inchi. Kwa huruma, Séphora alihangaika kuazima chombo cha kukatia nyuzi za inchi, ile mifereji inayozunguka boliti, ili boliti itakayotoka Beni ipate mahali pa kuingia. Tena kundi zima lilimhurumia mtu huyu. Ili mashine yake iweze kukata nyuzi za milimita, alihitaji gurudumu moja la meno mia moja ishirini na saba, nalo halikupatikana popote. Kwa hiyo walimpa zamu ya kwanza ya diviseur. Aje Butembo, aichukue, akate gurudumu lake, kisha aipitishe kwa mwingine. Papa Siméon alihitaji gurudumu la mashine yake ya kumenya kahawa, na mavuno yalikuwa yamemfikia, lakini ni yeye aliyesema, "Mumupatie kijana wa Beni kwanza. Miye nitangoja."

Séphora alichukua boliti ya kawaida ya inchi kutoka sanduku la baba yake, akaizungusha kwenye nati. Iliingia mpaka mwisho. Basi nati haikuwa na kosa.

Kisha akachukua kitana. Ni vibamba vidogo vya chuma vyenye meno, vya kupimia nafasi kati ya nyuzi. Aliweka kitana cha inchi juu ya boliti ya Éliakim, akainua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukapita katikati. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye vitana vya milimita. Cha kwanza hapana. Cha pili hapana. Cha tatu kilikaa, kikalala kabisa, hata unywele usingepita.

"Milimita moja na robo," alisema polepole.

Éliakim alianza kukunja kitambaa cha boliti.

"Éliakim, mashine yako inajua inchi tu?"

"Ndiyo."

"Inchi tu?"

"Séphora..."

"Sasa hii milimita imetoka wapi?"

Maharage yalinyamaza kwenye ungo. Éliakim alijifuta jasho la paji la uso, pamoja na baridi yote ile ya Butembo.

"Pengine kitana yako ni ya zamani, imelika meno."

"Ni kitana ya baba yangu. Hapana guse baba yangu."

Alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu afike. Alikuwa mrefu kuliko sauti yake. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na macho mapana, ya mtu anayeomba asamehewe kabla hajaungama. Ndiyo macho ya hatari hayo. Séphora alijikaza asiyaamini, na mambo yakaanza kumrudia kichwani moja baada ya jingine. Picha za mashine ya Éliakim, siku hizi, zilikuwa zimekatwa upande wa kushoto. Na upande wa kushoto ndipo magurudumu yanapokaa. Yeye mpumbavu alidhani mkono wa mtu ulitetemeka.

"Ni weye ulikata hii boliti?"

"Ni mimi. Kwa mikono yangu."

"Basi uko na gurudumu."

Éliakim aliacha kukunja kitambaa.

"Niko nalo."

"Nilisema nini miye?" Mama Godelive alisimama, ungo kiunoni. "Séphora, nilikuambia nini? Mutu ya mpaka! Leo anapitisha sabuni, kesho anapitisha mashine yenu, mutasikia iko Uganda inafanya kazi ya batu wengine. Na hata hatujue mama yake. Ati banasali kwa Baprotestanti. Ni bote banasema vile!"

"Mama, tafazali. Niache nimuulize."

"Muulize. Miye hapa sitoki."

"Tangu lini?" Séphora aliuliza.

"Tangu mbele ya mvua kuanza. Chauffeur mumoja wa lori alinitafutia kwa Uganda, kwa batu wanauza vyuma vya zamani. Hata sikuamini kama atapata."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Tuko tunakuhurumia kila siku. 'Pole Éliakim, vumilia Éliakim.' Na weye uko na gurudumu kwa nyumba! Donc ulikuja kufanya nini hapa? Kubeba mashine ya batu, uende uuzishe?"

"Hapana! Siyo vile, naapa."

"Usiape. Eleza."

Alifungua mikono, akaifunga tena. Ilikuwa mikono ya kazi, na Séphora alichukia kuona kwamba ilikuwa mikono mizuri.

"Kama ningesema niko na gurudumu, zamu yangu inakwisha," alisema. "Na zamu ikikwisha, nitakuja Butembo kufanya nini? Nitapiga hodi kwa mama yako niseme je? 'Mama, nimekuja kuona binti yenu, tulijuana juu ya boliti'? Angenifukuza."

"Ningekufukuza kabisa," alikubali Mama Godelive.

"Voilà. Ile zamu ilikuwa njia yangu ya kukuja. Sikuwa na ingine. Nilikuwa nasikia sauti yako kila siku, Séphora, na nilikuwa naogopa siku mashine itaisha, kundi itanyamaza, na weye utanyamaza pamoja nayo. Nakupenda. Sasa nimesema mbele ya mama. Kama ni kunifukuza, munifukuze."

Moyo wa Séphora, ule moyo wake usio na haya, ulitaka kuruka. Aliushikilia kwa kushika ukingo wa meza. Alikuwa ameyangoja maneno hayo kwa miezi, na sasa yamekuja yamefungwa pamoja na uongo, tena yanatoka kinywani mwa mtu ambaye kazi yake ni kuwalainisha watu wa forodha mpaka lori lipite. Mtu kama huyo hakosi maneno matamu. Utajuaje la kweli ni lipi?

"Kama ulikuwa unaficha," alisema, "juu ya nini ukaniletea boliti ya milimita? Hata muongo anayeanza tu angefikiri."

"Nilisahau kutoa gurudumu kwa mashine."

"Lilikuwa linafanya nini kwa mashine?"

Éliakim aliinama kwenye mfuko wake, akatoa kitu kirefu kilichovingirishwa gazeti. Ilikuwa skrubu ndefu ya chuma, nyuzi zake pana na safi.

"Ulisema mashine ya baba yako inacheza. Ile vis ya chariot, ya kusogeza kisu, imelika. Yako ni ya milimita, donc nilitia gurudumu, nikakata hii. Halafu palepale nikaona boliti yetu bado, na kesho ni safari. Nikaikata bila kuwaza. Kichwa yangu ilishafika hapa."

Mtu asiyejua mashine angesema huo ni uongo mwingine. Séphora alijua ni kweli. Kila anayekereza amewahi kufanya hivyo, kuanza kazi mpya na magurudumu ya kazi ya jana, kwa kuwa akili iko kwingine. Alikaribia kucheka. Macho yake yalikwisha pima skrubu ile kabla hajayaruhusu, na kazi ilikuwa njema, kazi ya mtu aliyetulia, aliyerudia, aliyetaka ipendeze. Akaishika kidogo. Kisha akamrudishia mkononi.

"Hii ni ya miye na weye," alisema. "Na Papa Siméon?"

"Papa Siméon?"

"Papa Siméon anamenya kahawa kwa mikono, yeye na muke wake, juu alikuachia zamu. Ulimuwaza hata siku moja?"

Éliakim alifungua kinywa. Uso wake ukabadilika, na Séphora aliona kwamba hakuwa anatafuta neno la kujitetea. Alikuwa amefikiwa na jambo ambalo kweli halikuwa limemfikia kabla.

"Sikumuwaza," alisema.

"Ni hapo nakuogopa. Ile ya kuuzisha mashine, mama ndiye anaogopa. Miye naogopa hii. Unanipenda mpaka unasahau muzee wa batu. Siku utapenda kitu ingine, utanisahau na miye vilevile."

Mama Godelive aliyekuwa na neno tayari alilimeza. Séphora alichukua simu, akatafuta jina la Papa Siméon, akaweka sauti ya juu. Simu ilipoanza kuita, akamnyooshea Éliakim.

"Sema weye."

Alimkazia macho. Kama angeanza kupamba, kama angesema gurudumu limefika jana, kama angesema lolote la kujifunika, basi angejua, na angefunga mlango wa kibanda na wa moyo pamoja. Aliomba kimoyomoyo asipambe. Hakutaka kuuona uongo wa pili.

"Allô?" sauti ya Papa Siméon ilitoka, na nyuma yake kuku.

"Papa Siméon, ni Éliakim wa Beni. Niko kwa Séphora." Alivuta pumzi, ile pumzi Séphora aliyokuwa akiijua kuliko sura yake. "Papa, gurudumu niko nalo, tangu mbele ya mvua. Nilinyamaza. Nilikula zamu yenu bure."

Mzee aliwafukuza kuku kwanza.

"Juu ya nini ulinyamaza?" mzee aliuliza.

Éliakim alimtazama Séphora. "Juu ya binti mumoja wa Butembo. Nilitaka sababu ya kukuja kumuona."

"Ah."

"Nisamehe, papa."

"Mikono ya mama yako hapa, muke wangu, imevimba, mutoto. Na kahawa ingine imeshaoza, tuliitupa." Hakusema kwa ukali, ikawa vibaya zaidi. "Kusamehe, nitakusamehe wakati mashine itafika. Binti yangu Hulda iko kwa soko huko Butembo, anapanda huku leo hii. Mumupatie. Na huyo binti wa Butembo, anajua?"

"Sasa ndiyo anajua."

"Basi mwambie aikaze vizuri ile mashine. Barabara ya huku inafungua kila kitu." Akakata.

Wakawa na kazi. Boliti ya Éliakim haikufaa tena, kwa hiyo Séphora alichukua ile ya kawaida ya sanduku la baba yake, isiyo na uzuri wowote, akaikata urefu, na Éliakim akaisawazisha ncha kwa tupa. Skrubu yake ilibaki mezani, juu ya gazeti. Séphora aliponyoosha mkono kutafuta spana, Éliakim alikuwa amekwisha kumwekea. Alipoinua kifaa kukijaribu, Éliakim alishika upande wa pili bila kuombwa, wakakizungusha pamoja, na kikaenda kimya, tundu kwa tundu, kama walivyokuwa wamekiota wote walipokuwa kila mtu kwake. Ingekuwa siku nyingine wangepiga kelele za furaha. Séphora alimwangalia kwa pembe ya jicho alipokuwa akikivingirisha magunia. Alikuwa akikifunga kwa uangalifu wa mtu anayefunga kitu chake, na sasa hakikuwa chake hata kwa siku moja.

Kwa nini hanung'uniki? Je, huyu ni mtu aliyejuta, au ni karani anayejua wakati wa kutulia? Séphora alijiuliza, akajijibu, akajikatalia jibu.

Hulda alifika na pikipiki, mwanamke mnene, mwenye haraka, kapu la chumvi na sabuni mgongoni. Alikuwa ameshapigiwa simu na baba yake.

"Ni weye wa gurudumu?" alimwuliza Éliakim.

"Ni miye."

Alimpima toka juu mpaka chini. "Ungekuwa mubaya wa sura, ningeelewa kwa nini unajificha." Akageuka akamsaidia dereva kufunga mzigo kwa mipira. "Séphora, dada, aksanti. Weye huyu, saidia kuinua."

Éliakim aliinua. Pikipiki ikashuka na njia, matope yakiruka, na diviseur ikaenda Kasugho.

Éliakim alisimama katikati ya ua, mfuko wake begani, mikono haina kitu. Simu yake ikalia. Aliipokea, na sauti ya dereva wa gari lililomleta ilikuwa kubwa kiasi kwamba nyumba nzima ilisikia.

"Éliakim, tunatoka! Tukuje kubeba mashine yako?"

"Hakuna mashine."

"Na weye je? Gari imejaa, kiti yako tu ndiyo inabakia. Tutafika Beni mbele ya giza kama tunaenda sasa."

"Patia mutu mwingine kiti."

"Juu ya nini?"

"Muende tu. Nitapanda ya kesho."

Alikata. Séphora alikuwa amefunga mikono kifuani.

"Utalala wapi?" aliuliza upesi. Asidhani kukosa gari ni njia nyingine ya kuingia.

"Kwa mama mudogo wangu, hapa mujini, kule Furu."

"Jina yake?"

"Mama Agar. Anashonaka robe za kwaya."

Séphora aligeuka kwa mama yake. Mama Godelive, aliyewahi kubishana na nusu ya washonaji wa mji huo juu ya bei ya vitenge, aliitikia kwa kichwa taratibu kwamba mtu huyo yupo. Kisha akachukua ungo wake, akaingia jikoni.

"Mashine imeenda," Séphora alisema. "Unangoja nini?"

"Hakuna kitu nangoja."

"Mutu hasimame kwa uwanja ya batu bure."

"Nilikuja na sababu, ilikuwa ya uongo," Éliakim alisema. "Sasa imeenda Kasugho. Nimebaki miye tu. Kama sitoshi, uniambie, nitatembea mpaka Furu na kesho nitapanda gari. Lakini sina kitu ya kubeba tena hapa, Séphora. Hata kama unanitafuta kwa mifuko."

Séphora alimtafuta. Si mifukoni. Alimtafuta usoni, muda mrefu, bila aibu, kama anavyotafuta ufa kwenye chuma kabla hajakiweka kwenye mashine. Alitafuta tabasamu la mshindi, hakuliona. Alitafuta karani wa mpakani, na karani alikuwepo, kidogo, kwenye pembe ya kinywa, akiwa amechoka na ana njaa. Shaka yake haikuondoka. Ilisogea tu upande, ikakaa, kama mgeni asiyetaka kuaga. Alijua ataishi nayo siku nyingi, na kwamba itambidi huyu mtu ailishe ukweli kila siku mpaka ife yenyewe.

Lakini angeweza kuondoka, na hakuondoka. Gari limekwenda.

Harufu ya maharage ilitoka jikoni, na kitunguu kikipiga kelele kwenye mafuta. Ikafuata sauti ya Mama Godelive, kali, ya mtu mwenye mwiko mkononi na unga juu ya moto, asiye na muda wa kusubiri watu.

"Séphora! Huyu mutu anaenda ao anakula? Nijue kipimo ya bugali!"

Éliakim alimwangalia Séphora, akangoja.

"Anakula, mama," Séphora alisema.

Akaenda kuleta maji ya kunawa.